Soko halitabiriki: ni keosi au ni nasibu? Njooni na kalkuleta

Mwalimu wa Hesabu (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Jumapili iliyopita alinitembelea kijana niliyemfundisha hesabu sekondari hapa Morogoro. Alikuja na kompyuta yake na kozi ya foreksi, yaani biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni, aliyoilipia kwa awamu mbili. Mama yake anakaanga mihogo jirani na stendi, kwa hiyo najua pesa hiyo ilivyopatikana. Ukurasa wa kwanza wa somo ulisema hivi: soko si bahati nasibu, soko ni keosi, na ndani ya keosi kuna mpangilio uliofichika ambao mfumo wetu unauona. Akaniuliza, "Mwalimu, hili ni kweli?"

Tulikaa mezani mpaka magharibi. Ninayoandika hapa ndiyo niliyomweleza, maana maneno hayohayo nayaona kwenye magrupu mengi na vijana wanayalipia.

Nianze na keosi yenyewe. Jina linapotosha. Mtu akilisikia anawaza vurugu, kama kugombania daladala siku ya mvua. Kwenye hesabu ni kitu chenye nidhamu kali. Ni kanuni isiyo na bahati hata chembe: ukianza na namba ileile utapata jibu lilelile hata urudie mara mia. Shida ni kwamba ukikosea mwanzo kidogo tu, kosa linakua kila hatua mpaka linalimeza jibu lote.

Msiniamini kwa maneno. Chukueni kalkuleta. Andika namba yoyote kati ya 0 na 1, mfano 0.3. Toa namba hiyo kwenye 1, unapata 0.7. Zidisha hizo mbili, kisha zidisha kwa 4. Jibu ni 0.84. Sasa 0.84 nayo ifanyie hivyohivyo, na itakayofuata hivyohivyo. Tuligawana kazi: kijana alianza na 0.300, mimi nikaanza na 0.301.

Yake: 0.300, 0.840, 0.538, 0.994, 0.022, 0.088, 0.321, 0.872, 0.448, 0.989, 0.043

Yangu: 0.301, 0.842, 0.533, 0.996, 0.018, 0.069, 0.258, 0.765, 0.719, 0.808, 0.620

Hatua tatu za kwanza tunakwenda bega kwa bega. Hatua ya saba yeye ana 0.872, mimi 0.765, tumeanza kuachana. Ya nane yeye yuko chini ya nusu, mimi niko juu. Ya kumi yeye amekaribia sifuri, mimi nimevuka 0.6. Tulianza tukiwa tumeachana kwa moja ya elfu, na hakuna aliyekosea hesabu.

Edward Lorenz wa chuo cha MIT, Marekani, alikutana na jambo hili mwaka 1961. Alikuwa na mfano wa hali ya hewa wenye milinganyo 12 ndani ya kompyuta ya Royal McBee. Akataka kurudia sehemu ya hesabu, akachapa 0.506 aliyoiona kwenye karatasi, wakati ndani ya mashine namba kamili ilikuwa 0.506127. Akaenda kunywa kahawa. Aliporudi, hali ya hewa ya mashine ilikuwa nyingine kabisa. Mwanzoni alidhani kifaa kimeharibika. Makala yake ya mwaka 1963 ndiyo watu wa fani wanayoirudia mpaka leo.

Sasa tuje kwenye nasibu. Huku hakuna kanuni ya kukuonyesha hatua inayofuata. Yaliyopita hayakwambii lolote kuhusu yajayo, lakini yakirundikana mengi yana tabia inayopimika. Mwanahisabati Mfaransa Louis Bachelier aliandika tasnifu kuhusu bei za soko la Paris mwaka 1900, akasema bei inatembea hivyo: kila hatua haikumbuki iliyotangulia. Hiyo ni miaka mitano kabla Einstein hajatumia hesabu za aina hiyo kwa chembe zinazochezacheza ndani ya maji.

Kwa mtu anayetaka kutabiri, tofauti iko hapa. Kwenye keosi nyepesi, yaani ya kanuni fupi kama yetu ya kalkuleta, kesho unaiona na mwezi ujao huuoni. Kwenye nasibu hata kesho huioni, ila unajua ukirusha sarafu mara 1,000 matokeo yatakaa wapi kwa ujumla. Kwa hiyo anayesema soko ni keosi ametoa dai zito linalopimika: kwamba hatua ya karibu inaonekana.

Tukapima. Chukua safu ya kijana, weka kila namba kwenye mhimili wa chini na inayoifuata kwenye mhimili wa juu, chora nukta. Ukiitazama safu yenyewe unaona fujo tupu. Ukiichora hivyo, nukta zote zinakaa juu ya mstari mmoja uliopinda kama kilima: unaanza sifuri, unapanda mpaka katikati, unashuka tena mpaka sifuri. Huo ndio mpangilio uliofichika, na upo kweli. Namba za nasibu ukizichora hivyohivyo unapata wingu.

Kisha tukachukua mabadiliko ya kila siku ya yuro dhidi ya dola, ya leo chini, ya kesho juu.

Wingu.

Kijana alinyamaza. Akasema labda tumekosea, akachora tena mwenyewe kwa saa badala ya siku. Wingu tena.

Nikamwongoza jambo moja zaidi. Futa alama za kujumlisha na kutoa, acha ukubwa tu wa mabadiliko. Hapo kitu kinajitokeza: siku ya mtikisiko mkubwa hufuatwa na nyingine yenye mtikisiko mkubwa, na siku tulivu hufuatana. Mchumi Robert Engle alitengeneza hesabu za tabia hiyo mwaka 1982 na alipewa Nobeli ya uchumi mwaka 2003. Soko halikuambii linaelekea wapi. Linakudokezea litatikisika kiasi gani.

Mwisho wa bandiko la kwanza. Karibuni, hasa mnaopinga.

Mchimba Chati

Mwalimu heshima yako. Mimi natredi dhahabu mwaka wa nne, niko Mwanza. Hayo mawingu sijayachora, ila kwenye MetaTrader, programu ninayotredia, kuna kiashiria kinaitwa Fractals. Fraktali ni keosi, hata mtandaoni wanasema. Kikinipa alama naingia, na mara nyingi nalipwa. Sasa utaniambia nacho ni nasibu?

Mwalimu wa Hesabu

Mdogo wangu wa Mwanza, ahsante kwa kusema wazi.

Kiangalie kiashiria hicho kwa karibu. Kinahesabu mishumaa mitano, yaani vile vijiti vya chati ambavyo kila kimoja kinaonyesha bei ilivyopanda na kushuka kwa kipindi kimoja. Wa katikati ukiwa na kilele kirefu kuliko wawili wa kushoto na wawili wa kulia, kinaweka alama juu yake. Basi. Hicho ni kilele, na kilele kinapatikana kwenye mchoro wowote unaopanda na kushuka. Fraktali ya kihesabu ni umbo ambalo ukilikuza sehemu yake unaona tena umbo la aina ileile, ndani yake tena, ndani yake tena. Wamechukua jina.

Halafu alama yenyewe haiwezi kutokea mpaka mishumaa miwili ya kulia ifunge. Ukitazama chati ya jana, inaonekana kana kwamba ilijua. Wakati ule bei inageuka haikuwepo.

Kuhusu kulipwa mara nyingi, niwaeleze jambo nililolifanya darasani. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu sarafu za shilingi 100 na karatasi za grafu. Ukirusha akatokea Mwalimu Nyerere, panda mraba mmoja. Wakitokea swala, shuka mmoja. Mara 200. Karatasi zile bado ninazo. Jumapili ile nilimpa kijana moja nikamwomba aisome kama chati. Alichukua rula, akachora mstari wa sapoti chini (pale bei inapodhaniwa haitashuka zaidi), wa rizistansi juu (pale inapodhaniwa haitapanda zaidi), akaweka kidole pahali karibu na mraba wa 140 akasema, "Hapa ningenunua." Na kweli baada ya pale mchoro unapanda. Ulichorwa na binti wa kidato cha tatu kwa sarafu.

Simaanishi huna macho. Macho yako ni mazuri kupita kiasi, yanaona sura hata pasipo na mtu. Nakuomba andika daftari: kila biashara, tarehe, uliingilia wapi, ulitokea wapi, ada ya dalali kiasi gani. Zikifika 200 tuzipime pamoja hapahapa.

Mawingu

Naingilia kidogo kwa kuwa nafanya kazi kwenye utabiri wa hali ya hewa.

Sisi ndio tunaoishi na keosi kila asubuhi, na haijatufungia kazi. Kwa kuwa hatuwezi kujua mwanzo kwa ukamilifu, hatuendeshi mfano mara moja. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa kilichoko Reading, Uingereza, kilianza mwaka 1992 kuendesha mifano mingi kwa pamoja, kila mmoja umeanzishwa tofauti kidogo, na siku hizi ni 51. Nyuzi za majibu yake zikienda pamoja tunasema kwa ujasiri. Zikitawanyika siku ya sita, tunajua mwisho wa macho yetu ni siku ya sita. Kwa ujumla mpaka wa utabiri wa siku kwa siku ni kama wiki mbili.

Lakini angalieni tulicho nacho: milinganyo ya hewa, joto, unyevu na mgandamizo. Fizikia imeandikwa. Watu wa soko, milinganyo yenu iko wapi? Lorenz mwaka 1963 aliandika mitatu tu na kila mtu anaweza kuirudia. Sijaona wa yuro na dola.

Na kitu cha pili. Mvua ya masika haiahirishi kwa sababu tumeitangaza redioni.

Mwalimu wa Hesabu

Mawingu, hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo ningeiweka kwenye bandiko la kwanza kama ningeifikiria.

Chukueni soko la mahindi la Kibaigwa. Tuseme wote tunajua kwa hakika kwamba gunia litapanda bei Februari. Mwenye ghala atauza Desemba? Hauzi, anafungia. Mnunuzi naye anakimbilia kununua mapema. Bei inapanda Desemba, na ile ya Februari uliyoitabiri imekwisha kuliwa. Utabiri mzuri ukijulikana unajila wenyewe. Mchumi Paul Samuelson aliliweka jambo hili kwa hesabu mwaka 1965: bei ikiwa imeshabeba yote ambayo watu wanayatarajia, kinachobaki kuisogeza ni habari ambayo hakuna aliyeitarajia, na habari ya namna hiyo kwetu ni nasibu.

Kwa hiyo unasibu wa soko hautokani na watu kubahatisha. Unatokana na watu wengi wenye akili kuwinda kila dalili ya mpangilio mpaka wanaimaliza. Hili naliona zuri sana, na linanisikitisha kwamba kozi haziligusi kabisa.

Dada wa Hazina

Nimefanya kazi idara ya fedha za kigeni ya benki moja. Naomba niwakumbushe tarehe 15 Januari 2015.

Tangu Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa imeweka sakafu: yuro moja haitashuka chini ya faranga 1.20. Kwa wiki nyingi bei ilikuwa imelala juu kidogo ya 1.20, chati imenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Watu wakawa wananunua yuro pale chini kwa mkopo mkubwa wa dalali, kwa kuamini sakafu ni ya zege. Siku hiyo, saa sita na nusu mchana kwa saa zetu, benki ikatangaza sakafu imeondolewa. Ndani ya dakika chache yuro ilikuwa chini ya faranga moja. Vikomo vya hasara, yaani amri za kuuza zenyewe bei ikishuka mpaka pale, vilivyowekwa 1.19 havikukamatika 1.19, kwa sababu pale katikati hapakuwa na mnunuzi. Watu walidaiwa zaidi ya walichoweka, na dalali mmoja wa Uingereza aliingia ufilisi kesho yake.

Swali langu kwa Mwalimu: hiyo ilikuwa keosi au nasibu?

Mwalimu wa Hesabu

Dada, umenipa mfano ambao natamani kila kijana angeuona kabla ya kuweka shilingi.

Keosi haikuwa. Kwenye keosi kosa dogo hukua hatua kwa hatua. Ungeona nyuzi zikianza kuachana. Pale chati ilikuwa kimya mpaka dakika ya mwisho. Hata mifano 51 ya Mawingu ingelala pamoja juu ya 1.20.

Je, nasibu? Hapa lazima tuulize: nasibu kwa nani? Bodi ya uongozi ya benki ile ina watu watatu. Kwao lilikuwa jambo lililoamuliwa. Kwa mtredi wa Zurich na wa Mwanza lilianguka kama nazi kichwani. Tukisema kitu ni nasibu, mara nyingi tunaeleza mipaka ya tunachojua. Kwenye keosi ujinga wetu uko kwenye kipimo cha mwanzo. Kwenye nasibu uko kwenye chanzo chenyewe. Hata namba za nasibu za kompyuta kwa kawaida zinatoka kwenye kanuni iliyonyooka. Ni nasibu kwako usiyeijua kanuni.

Na historia ya bei, hata uichimbe namna gani, haikuwa na tangazo lile ndani yake.

Mchimba Chati

Sawa, nimesoma taratibu. Ila mbili zinanisumbua. Moja, kama bei ni kurusha sarafu, Oktoba 1987 ilitokeaje? Pili, wako Wamarekani waliotajirika kwa hesabu za keosi, mbona hamuwataji?

Mwalimu wa Hesabu

Maswali mazuri yote mawili.

Tarehe 19 Oktoba 1987 fahirisi ya Dow Jones, kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za Marekani, ilianguka kwa asilimia 22.6 kwa siku moja. Kama bei zingefuata sarafu tupu, yaani mchoro wa umbo la kengele ambao matokeo mengi hukaa katikati na ya mbali ni adimu sana, siku kama hiyo isingetarajiwa hata kwa umri wote wa ulimwengu. Kwa hiyo Bachelier ana upungufu. Mwanahisabati Benoit Mandelbrot alishasema mwaka 1963 kwa kutazama bei za pamba: mitikisiko mikubwa inakuja mara nyingi kuliko kengele inavyoruhusu. Bei zinaweza kuwa nasibu na bado nasibu yake isiwe ya upole.

Na kuna mrejesho. Mwaka ule taasisi nyingi zilitumia utaratibu wa kujikinga uliosema: hisa zikishuka, uza. Wakiuza, zinashuka. Zikishuka, uza tena. Hapo soko linafanana na kanuni yetu ya kalkuleta, jibu linarudishwa ndani na kukuzwa. Ndiyo maana simpuuzi mtu anayesema kuna harufu ya keosi sokoni. Mrejesho upo kweli. Wachumi William Brock, Davis Dechert na José Scheinkman walitengeneza mwaka 1987 kipimo cha kugundua kama safu ya namba ni nasibu tupu, na bei za hisa zilishindwa kipimo hicho, maana yake kuna kitu ndani. David Hsieh alipochunguza mwaka 1991, kilichokuwamo kilionekana ni ule ukubwa wa mtikisiko unaobadilikabadilika. Keosi nyepesi, ile yenye kilima kinachochoreka, haikuonekana. Keosi yenye vigeu mamia, yaani inayoendeshwa na vitu mamia vinavyobadilika kwa pamoja, inawezekana ipo, lakini kwa data tulizo nazo huwezi kuitenganisha na nasibu, na kwa mfuko wako ni kitu kilekile.

Kuhusu Wamarekani: Doyne Farmer na Norman Packard. Walipokuwa wanafunzi wa fizikia, miaka ya 1970, wao na wenzao walitengeneza kompyuta ndogo ya kuficha ndani ya kiatu, wakaipeleka kwenye kasino za Nevada. Kwa kidole cha mguu walipima kasi ya gurudumu la ruleti na kigololo, mashine ikakadiria kigololo kitaangukia upande gani. Ilifanya kazi kwa sababu ruleti ni fizikia na muda ni mfupi, na gurudumu halijui kwamba linapimwa. Mwaka 1991 walianzisha kampuni ya kutabiri masoko huko Santa Fe, baadaye ikanunuliwa na benki ya UBS. Hao ni wanafizikia waliokuwa na kompyuta, data na mtaji, wakitafuta dalili ndogo ndogo na kuzipima mchana na usiku. Mtu mwenye kitu kama hicho hakiuzi kwenye grupu la WhatsApp kwa laki moja na nusu.

Kijana wa Jumapili

Shikamoo Mwalimu. Shikamooni wakubwa. Mimi ndiye mwenye kozi.

Nimerudia ile ya kalkuleta kwa 0.3 na 0.3000001. Nilitaka kuona nikipima vizuri mara elfu kumi zaidi nitaona mbele kiasi gani. Mpaka hatua ya 12 tofauti haijafika hata moja ya elfu. Zilipovuka 20 ndipo zikaachana kabisa. Yaani mara elfu kumi imeninunulia kama hatua 13 tu. Nililala nikiifikiria.

Pesa ya kozi wamesema hairudi. Nimemwambia mama ukweli. Akaunti bado ni ya mazoezi, sijaweka hela.

Swali: kama mwelekeo siujui lakini mtikisiko naweza kuukadiria, hiyo inanisaidia nini?

Mwalimu wa Hesabu

Marahaba mwanangu. Hizo 13 zimetoka sahihi: kwa kanuni ile kosa linakuwa maradufu kila hatua kwa wastani, na 2 ukiizidisha kwa yenyewe mara 13 unapata 8,192, karibu na elfu kumi yako.

Kuhusu mtikisiko, inakusaidia kujua ubebe mzigo wa kiasi gani. Tuseme akaunti ni shilingi 200,000 na hutaki siku moja ya kawaida ikuchukulie zaidi ya 2,000. Bei ikiwa inatembea kwa wastani nusu ya asilimia kwa siku, mzigo wako wote usizidi 400,000. Wiki ambayo inatembea asilimia moja, usizidi 200,000. Ikitembea mbili, 100,000. Haikupi faida hata senti, na siku kama ya Uswisi haikulindi kikamilifu, lakini aliyebeba laki moja na aliyebeba milioni ishirini kwa mkopo wa dalali hawakuamka sawa asubuhi ya tarehe 16.

Jumamosi njoo na zile namba za yuro za miezi sita, tukokotoe kwa mkono. Pitia dukani ulete karatasi za grafu, zangu zimebaki mbili.